Texas: jimbo kubwa, watu wa asili nyingi, na uhuru uliochelewa kufika

Jina la Texas si geni tena katika makanisa yetu ya mashariki. Tunalisikia wakati wa kuombea wasafiri: familia fulani imetoka kambini, imepata ndege, imefika Texas. Tunalisikia pia kwenye simu, ndugu wanapotuma sauti zao kutoka Dallas, Houston au Abilene. Lakini tukiulizwa Texas ni nchi ya namna gani, wengi wetu tuna picha mbili tu. Ya kwanza ni ya filamu za wachunga ng'ombe wenye kofia pana na bastola. Ya pili ni ya mahali ambapo kila mtu ana pesa. Picha zote mbili zinaficha mengi.

Makala hii inaeleza Texas kwa ufupi: ardhi yake, historia yake, watu wake, mali yake na shida zake. Mwenye ndugu kule ajue ndugu yake anaishi wapi, na anayemwombea ajue amwombee nini.

Mahali na ukubwa

Marekani ni muungano wa majimbo 50. Texas iko kusini, na ni ya pili kwa ukubwa wa ardhi baada ya Alaska, na ya pili kwa wingi wa watu baada ya California. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 695,000. Tukiunganisha Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, bado Texas inazipita zaidi ya mara mbili. Hata hivyo haifikii theluthi moja ya Kongo nzima.

Upande wa kusini, mto Rio Grande unaitenganisha na nchi ya Meksiko kwa mpaka wa karibu kilomita 2,000. Kusini-mashariki kuna bahari, yaani Ghuba ya Meksiko. Majirani wengine ni majimbo ya Louisiana, Arkansas, Oklahoma na New Mexico. Mashariki kuna misitu na mvua nyingi. Magharibi ni nchi kavu yenye milima na jangwa. Kaskazini ni tambarare pana ambako baridi na upepo hupita bila kizuizi. Barabara kuu inayokata jimbo kutoka mashariki hadi magharibi ina urefu wa karibu kilomita 1,400, na kuisafiri kwa gari kunachukua siku nzima.

Mji mkuu ni Austin, lakini mji wenye watu wengi zaidi ni Houston, uliokuwa na watu milioni 2.3 katika sensa ya 2020. Katika sensa hiyo zilifuata San Antonio, Dallas, Austin na Fort Worth. Jimbo limegawanywa katika kaunti 254, kuliko jimbo lingine lolote la Marekani.

Kwa wanaopiga simu: saa za sehemu kubwa ya Texas ziko nyuma ya saa za Bukavu na Goma kwa saa saba, au nane wakati wa baridi yao. Sisi tukiwa kwenye chakula cha jioni, wao ndio kwanza wanafika katikati ya siku ya kazi.

Watu wa kwanza na bendera sita

Neno Texas limetokana na lugha ya watu wa Caddo, wenyeji wa upande wa mashariki. Kwao lilikuwa na maana ya marafiki. Mpaka leo neno la heshima la jimbo ni "urafiki". Lakini historia haikuwatendea wenyeji hao kirafiki. Wacaddo, Wacomanche, Waapache na Wakarankawa walipungua kwa magonjwa na vita, na wengi wa waliobaki walifukuzwa kuelekea Oklahoma. Leo ni makabila matatu tu ya wenyeji yenye ardhi yao ndani ya Texas na kutambuliwa na serikali kuu.

Watu wa Texas husema kwamba bendera sita zimepepea juu ya nchi yao: ya Uhispania, ya Ufaransa, ya Meksiko, ya Jamhuri ya Texas, ya majimbo ya Kusini yaliyoasi, na ya Marekani. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Uhispania walijenga vituo vyao San Antonio kuanzia 1718. Meksiko ilipopata uhuru mwaka 1821, Texas ikawa sehemu yake. Serikali ya Meksiko ikaruhusu walowezi kutoka Marekani waje kulima. Walikuja kwa maelfu, na wengi wao walileta watumwa Weusi kwa kilimo cha pamba.

Mwaka 1829 Meksiko ilitangaza kukomesha utumwa. Hilo likawa jambo mojawapo, pamoja na ugomvi juu ya madaraka na kodi, lililowagombanisha walowezi na serikali. Tarehe 2 Machi 1836 walowezi walitangaza uhuru. Siku nne baadaye jeshi la Meksiko liliwaua walinzi wa ngome ya Alamo huko San Antonio. Tarehe 21 Aprili walowezi, wakiongozwa na Sam Houston, walilishinda jeshi hilo kwenye San Jacinto. Texas ikawa nchi huru kwa miaka karibu kumi, na mwisho wa 1845 ikaingia katika Marekani.

Katika vitabu vingi vita hivyo vimeitwa vita vya uhuru. Ni kweli kwa upande mmoja. Lakini katiba ya jamhuri ile mpya ililinda utumwa, na ilimkataza mtu Mweusi aliye huru kuishi nchini bila ruhusa ya bunge. Uhuru wa mmoja ukawa minyororo ya mwingine.

Habari njema iliyochelewa

Ifikapo mwaka 1860, Texas ilikuwa na watu kama 604,000, na zaidi ya 182,000 kati yao walikuwa watumwa. Mwaka uliofuata jimbo likajiunga na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Sam Houston, ambaye wakati huo alikuwa gavana, alikataa kula kiapo kwa serikali ya waasi, akaondolewa kazini.

Rais Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863. Lakini Texas ilikuwa mbali na uwanja wa vita, na hapakuwa na jeshi la kulazimisha amri hiyo. Wenye watumwa wakaendelea kama kawaida, na wengine kutoka majimbo jirani walihamishia watumwa wao Texas ili wasiwapoteze. Ndipo tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alipofika Galveston na askari, akatangaza kwamba watumwa wote ni huru. Ilikuwa imepita miaka miwili na nusu. Watu walikuwa huru kisheria, nao wakapigwa na kufanyishwa kazi bure.

Mwaka uliofuata, walioachwa huru wa Houston walianzisha kanisa la Kibaptisti la Antioch. Mchungaji wake, Jack Yates, aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka 1872 yeye na waumini wenzake, pamoja na Wamethodisti Weusi wa mji huo, walichanga fedha wakanunua ekari 10 za ardhi ili wapate mahali pao pa kukumbuka siku ya uhuru kila mwaka. Walikuwa watu wasio na mali, waliotoka utumwani miaka saba tu kabla ya hapo. Uwanja huo upo mpaka leo, na unaitwa Emancipation Park, yaani Bustani ya Ukombozi.

Siku hiyo ya Juni ikawa sikukuu ya jimbo la Texas kuanzia 1980. Mwalimu mstaafu wa Fort Worth, Bi Opal Lee, alifanya safari ya miguu mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 89, akiomba iwe sikukuu ya taifa. Mwaka 2021 ombi lake lilijibiwa, naye alikuwepo rais alipotia sahihi sheria hiyo.

Haki zilizopiganiwa mahakamani

Baada ya utumwa, ubaguzi uliendelea kwa sheria na kwa desturi. Watu Weusi walizuiwa kupiga kura katika uchaguzi wa ndani wa chama kilichotawala. Daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alishtaki, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kizuizi hicho ni kinyume cha katiba. Watu wenye asili ya Meksiko nao walitengwa shuleni, na katika kaunti nyingine hawakuitwa kamwe kuwa miongoni mwa raia wanaokaa mahakamani kuamua kesi. Mwaka 1954, katika kesi ya Hernandez, mahakama hiyo ilisema kwamba katiba inawalinda na wao.

Kesi ya tatu inawahusu watoto. Mwaka 1975 Texas ilitunga sheria iliyoruhusu shule za umma kuwafukuza watoto wasio na karatasi za uhamiaji, au kuwatoza karo. Familia za mji wa Tyler zilishtaki, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto asinyimwe shule kwa sababu ya kukosa karatasi za uhamiaji. Uamuzi huo umefungua milango ya shule kwa watoto wa Marekani yote.

Kutoka mji wa Houston alitoka pia Barbara Jordan, binti wa mhubiri wa Kibaptisti. Mwaka 1966 alichaguliwa kuingia katika seneti ya Texas, na mwaka 1972 katika bunge la taifa. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kutoka majimbo ya Kusini kuchaguliwa katika bunge hilo.

Mali ya jimbo

Kwa muda mrefu Texas iliishi kwa pamba na ng'ombe, na mpaka leo ndiyo ya kwanza Marekani kwa vyote viwili. Lakini tarehe 10 Januari 1901, karibu na mji wa Beaumont, kisima cha Spindletop kilifoka mafuta juu kuliko miti, kikaendelea siku tisa kabla ya kufungwa. Tangu hapo mafuta yalibadili kila kitu. Leo Texas inatoa zaidi ya sehemu 40 kati ya 100 za mafuta ghafi ya Marekani, mengi yakitoka magharibi. Viwanda vya kusafisha mafuta vimejaa pwani. Jimbo hilohilo ndilo la kwanza Marekani kwa umeme wa upepo.

Kuna tofauti moja ambayo sisi wa nchi ya madini tutaiona haraka. Kwetu, mali iliyo chini ya ardhi ni ya taifa. Texas, mwenye shamba anaweza kumiliki pia kilicho chini ya shamba lake, na kampuni ikitaka kuchimba inapatana naye na kumlipa fungu. Kwa hiyo wakulima wengine walitajirika. Wengine, waliouza haki hiyo mapema bila kujua thamani yake, walitazama utajiri ukipita chini ya miguu yao.

Houston ina bandari kubwa, ingawa iko mbali na bahari, kwa sababu mfereji wa meli ulichimbwa na kufunguliwa 1914. Ndipo pia kilipo kituo cha Marekani cha kuongoza safari za anga za juu. Neno la kwanza walilotamka wanaanga walipotua mwezini mwaka 1969 na kupiga ripoti lilikuwa jina la mji huo. Austin na Dallas zina viwanda vya kompyuta na simu. Kama Texas ingekuwa nchi, uchumi wake ungehesabiwa kati ya kumi mikubwa duniani.

Hata hivyo, karibu mtu mmoja kati ya saba anahesabiwa kuwa maskini kwa kipimo cha Marekani. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi ya nyumba na ardhi ni nzito. Houston ina kitongoji cha hospitali kilicho kikubwa kuliko vyote duniani. Na bado Texas ndilo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya afya katika Marekani. Mtu anaweza kuishi karibu na mlango wa hospitali hiyo na kuogopa kuingia kwa sababu ya deni.

Watu wa leo

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 29,145,505, na sasa wamepita milioni 30. Hakuna kundi moja linalofikia nusu. Tangu 2022 kundi kubwa zaidi ni watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, kama 40 kati ya 100. Wazungu wako karibu sawa nao. Watu Weusi ni kama 12 kati ya 100, na wenye asili ya Asia zaidi ya 5.

Kihispania kinasikika kila mahali pamoja na Kiingereza. Wajerumani walianzisha miji ya New Braunfels na Fredericksburg katika miaka ya 1840. Wavietnamu walifika baada ya vita vyao kuisha 1975, na wengi wao waliendelea na uvuvi kwenye pwani. Houston ina jamii kubwa ya Wanigeria.

Makanisa ni mengi mno. Wakatoliki ni wengi, hasa kusini. Kati ya Waprotestanti, Wabaptisti ndio wengi; chuo kikuu chao cha Baylor kilianzishwa 1845, Texas ikiwa bado jamhuri. Kuna makanisa madogo ya kijijini, na kuna Lakewood ya Houston, ambayo tangu 2005 inakusanyika katika uwanja wa zamani wa mpira wa kikapu. Lakini ni lazima tuseme kweli: Wabaptisti wa Kusini walijitenga na wenzao mwaka huohuo wa 1845 kwa kutetea wamisionari wenye watumwa. Mwaka 1995 mkutano wao mkuu uliomba msamaha hadharani. Biblia ilikuwa mkononi mwa mwenye watumwa na mkononi mwa Jack Yates pia.

Ndugu zetu kule

Kwa miaka kadhaa kuanzia 2016, Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote, au mojawapo ya makubwa, kati ya wakimbizi walioingizwa Marekani kwa mpango wa serikali. Wengi walikuwa wamekaa miaka mingi katika kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda. Texas ilikuwa mojawapo ya majimbo yaliyopokea wengi. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilijitoa katika kuendesha mpango huo, lakini mashirika ya misaada, mengi yakiwa ya makanisa, yaliendelea kuwapokea watu. Januari 2025 serikali kuu ilisimamisha uingizaji wa wakimbizi, na familia zilizokuwa zimemaliza mahojiano na vipimo zilibaki kambini zikiwa zimekwisha kufunga mizigo. Ndiyo maana ndugu anayesema "tunangojea" asionekane mzembe.

Waliofika kabla ya hapo walipata msaada wa karibu kwa siku 90 za kwanza: nyumba, vyombo, kuandikisha watoto shuleni. Baada ya hapo ilikuwa lazima wafanye kazi. Wengi walianza kwenye machinjio makubwa ya nyama ya upande wa Amarillo, kwenye maghala, hotelini, au kutunza wazee. Nauli ya ndege ilikuwa mkopo, nao wanailipa kidogokidogo kila mwezi. Mabasi ni machache, kwa hiyo bila gari mtu amefungwa. Baada ya mwaka mmoja mkimbizi huomba kibali cha kudumu, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Tujue hayo kabla ya kumwandikia ndugu yetu aliyefika juzi, tukimdai karo za familia nzima.

Hatari za hali ya hewa

Mwaka 1900 kimbunga kilibomoa Galveston na kuua watu wanaokadiriwa kuwa 8,000. Mwaka 2017 mvua za kimbunga Harvey zilizamisha mitaa mingi ya Houston. Februari 2021 baridi kali ilishika jimbo lote. Mtandao wa umeme wa Texas umetengwa na wa majimbo mengine, kwa hiyo haukuweza kusaidiwa vya kutosha, na mamilioni ya nyumba zilikaa gizani. Hesabu ya serikali ilitaja vifo 246. Baadhi yao waliwasha mkaa, jenereta au gari ndani ya nyumba ili wapate joto, wakauawa na hewa yenye sumu. Sisi tunaoishi na makala tunaijua hatari hiyo. Ukiongea na ndugu yako wakati wa baridi, mkumbushe.

La kukumbuka

Texas ilijengwa na watu waliotoka kwingine, na kila kizazi kiligombana juu ya nani ahesabiwe kuwa mwenyeji. Mcaddo aliita rafiki, akafukuzwa. Mtumwa alikuwa huru kwa miaka miwili na nusu bila kuona uhuru wake. Mtoto wa Tyler alisubiri mahakama ili aingie darasani. Haki iliandikwa mapema ikafika baadaye, na ilifika kwa sababu watu wa kawaida, wengi wao wakitoka makanisani, hawakuchoka kuidai.

Mpendwa msomaji, ukiwa na ndugu Texas, usimwulize kwanza kuhusu dola. Mwulize kama amepata bima ya watoto, kama kazi ya usiku haijamchosha, kama amepata kanisa la kusali. Halafu mwombee kwa jina.